Hyundai: Gari la bei chee lililohitaji waranti ya miaka kumi

KAMPUNI ya magari ya Hyundai ya Korea Kusini iliingia katika soko la Marekani mwaka 1986 ikiwa na gari moja tu, Excel, lililouzwa kuanzia dola 4,995. Katika mwaka huo wa kwanza iliuza magari 168,882, idadi ambayo hakuna kampuni ya nje iliyokuwa imewahi kuifikia katika mwaka wake wa kwanza nchini humo.

Miaka 12 baadaye, mwaka 1998, kampuni hiyo ikiwa tayari na aina kadhaa za magari iliuza 90,217 tu. Bei zake zilikuwa bado za chini kuliko za washindani. Kilichokuwa kimeanguka ni imani ya watu waliokwisha kulimiliki gari la Hyundai na kukaa nalo miaka mitatu au minne.

Historia ya kampuni hiyo ina mafunzo kwa mfanyabiashara na kwa mwekezaji mdogo. Inaonyesha jinsi bei nafuu inavyoweza kufungua soko kwa haraka, jinsi ubovu unavyolifunga soko hilo hilo, na kiasi cha fedha kinachotakiwa kulifungua tena. Aidha, inaonyesha mahali pa kuangalia katika vitabu vya hesabu ili kujua kama gari linalosifiwa sokoni linaiachia kampuni faida au deni.

Kutoka gereji hadi kiwanda

Mwanzilishi wa Hyundai, Chung Ju-yung, alizaliwa mwaka 1915 katika familia ya wakulima, kijiji ambacho leo kiko Korea Kaskazini. Mwaka 1940 alikuwa na gereji ya kutengeneza magari mjini Seoul. Mwaka 1947 alianzisha kampuni ya ujenzi, na mwaka 1967 akaanzisha Hyundai Motor.

Mwanzo kampuni hiyo haikutengeneza gari lake. Iliunganisha magari ya Ford Cortina katika kiwanda cha Ulsan kuanzia mwaka 1968, vipuri na utaalamu vikitoka nje. Lakini Serikali ya Korea Kusini ilitaka nchi iwe na gari lake, na Chung mwenyewe hakutaka kubaki fundi wa kuunganisha magari ya wengine.

Mwaka 1974 Hyundai ilimwajiri George Turnbull, aliyekuwa kiongozi wa ngazi ya juu katika British Leyland ya Uingereza. Umbo la gari likabuniwa na Giorgetto Giugiaro wa Italia, na injini pamoja na giaboksi vikatoka Mitsubishi ya Japani. Gari hilo, lililoitwa Pony, lilionyeshwa Turin mwaka huo huo wa 1974 na kuanza kuuzwa mwaka 1976. Magari ya kwanza kupelekwa nje yalikwenda Ecuador.

Kwa maneno mengine, Hyundai ilinunua ujuzi kwa vipande kutoka kwa wenye nao, ikauunganisha kwa wafanyakazi wa mishahara midogo wa nyumbani, kisha ikauza kwa bei ambayo Mjapani asingeweza kuifikia. Njia hiyo ilifanya kazi vizuri Kanada, ambako Pony lilipata wateja wengi kuliko kampuni yenyewe ilivyotarajia.

Marekani ilikuwa soko jingine. Pony halikutimiza masharti ya moshi ya nchi hiyo, kwa hiyo likaandaliwa Excel, gari dogo linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, lenye injini ya lita 1.5 ya asili ya Mitsubishi iliyotumia kabureta.

Mwaka wa neema

Excel lilifika Marekani wakati mzuri. Kampuni za Japani zilikuwa zimewekewa ukomo wa idadi ya magari ya kuuza nchini humo tangu mwaka 1981, na kwa kuwa haziruhusiwi kuuza mengi, ziliamua kuuza ya bei kubwa zaidi. Yen nayo ilianza kupanda thamani mwaka 1985. Watu waliotaka gari jipya dogo la bei ya chini wakabaki bila muuzaji.

Wakati huo gari jipya la kawaida nchini Marekani liliuzwa kwa wastani wa zaidi ya dola 10,000. Kwa nusu ya fedha hizo mtu alipata gari ambalo halijaguswa na mtu mwingine, lenye milango minne au mitano akitaka. Mwaka 1987 mauzo yalipanda hadi 263,610.

Kwa wakala wa magari hali hiyo ilikuwa kama mvua ya kwanza. Waliokuwa na leseni ya kuuza Hyundai walipokea wateja kabla hata magari hayajashushwa, na waliokosa leseni hiyo walijiona wamepitwa.

Hyundai haikuwa peke yake katika soko hilo la chini. Mwaka 1985 mfanyabiashara Malcolm Bricklin alianza kuingiza Marekani gari la Yugo lililotengenezwa na kiwanda cha Zastava mjini Kragujevac, Yugoslavia, kwa dola 3,990. Gari hilo lilikuwa na asili ya Fiat. Injini yake ilihitaji mkanda wa taimingi ubadilishwe kwa wakati, na mkanda ukikatika vali ziligongana na pistoni. Wanunuzi wengi waliovutiwa na bei hawakuwa watu wa kufuata ratiba ya gereji, na injini nyingi zilikufa kwa sababu hiyo.

Kampuni iliyoingiza Yugo ilifilisika mwaka 1989, na mwaka 1992 gari hilo likatoweka katika soko la Marekani. Waliokuwa wamelinunua walibaki na gari lisilo na wakala, lisilo na vipuri vya uhakika, na lisilo na mnunuzi.

Wenye magari walivyoona

Excel halikuwa Yugo, lakini baada ya miaka michache lilianza kutajwa pamoja nalo. Wenye magari walilalamikia kuharibika mara kwa mara, vifaa vya ndani vilivyochakaa mapema, na kutu. Wachekeshaji wa televisheni wakalifanya mzaha wao. Mzaha wa aina hiyo una hasara kwa muuzaji kuliko tangazo la mshindani, kwa kuwa unamfikia hata mtu ambaye hajawahi kuliona gari lenyewe.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa katika bei ya kuuzia tena. Mtu anayenunua gari la bei chee mara nyingi hana akiba kubwa, na gari hilo ndilo mali yake ya pili baada ya nyumba, au ya kwanza kama amepanga. Thamani ikishuka haraka, hujikuta bado anadaiwa na benki fedha nyingi kuliko bei ambayo gari lingeuzwa.

Mfano mdogo wa hesabu unaweza kuonyesha jambo hilo. Chukua mtu wa kwanza aliyenunua gari kwa dola 5,000 na kuliuza baada ya miaka minne kwa dola 1,000, na wa pili aliyenunua kwa dola 8,000 na kuuza kwa dola 5,000. Wa kwanza amepoteza dola 4,000 na wa pili dola 3,000. Hapo bado haijahesabiwa fedha aliyopewa fundi, wala siku ambazo mwenye gari alikwenda kazini kwa basi.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Wanunuzi wa Excel hawakuhitaji kuambiwa. Walipotaka gari la pili walikwenda kwa Toyota au Honda, na wengi walinunua la Kijapani lililotumika badala ya Hyundai jipya, kwa bei ile ile.

Gharama za nyumbani nazo zilikuwa zikipanda. Mwaka 1987 wafanyakazi wa viwanda vya Ulsan waligoma kudai mishahara na vyama huru, na sarafu ya won ikapanda thamani dhidi ya dola katika miaka iliyofuata. Nafuu ya bei iliyoibeba Excel ikawa ndogo, wakati sifa mbaya imebaki pale pale. Huko Kanada, kiwanda ambacho Hyundai ilikifungua Bromont, Quebec, mwaka 1989 kilifungwa mwaka 1993 kwa kukosa mauzo ya kutosha.

Kampuni ilijitahidi kwa upande wa ufundi. Mwaka 1991 ilitoa injini yake ya kwanza iliyobuniwa na wahandisi wake yenyewe, iliyoitwa Alpha, na katikati ya miaka ya 1990 Excel likaachwa na nafasi yake ikachukuliwa na Accent. Hata hivyo, mteja aliyeumia hasomi habari za injini mpya. Mauzo yakaendelea kushuka hadi kufikia yale 90,217 ya mwaka 1998.

Waranti kama dau

Mwaka huo wa 1998 Korea Kusini ilikuwa katika msukosuko wa fedha ulioikumba Asia tangu mwaka uliotangulia. Kampuni ya Kia ilikuwa imeshindwa kulipa madeni, na Hyundai ikainunua. Usimamizi wa Hyundai Motor ukahamia kwa Chung Mong-koo, mtoto wa mwanzilishi, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika upande wa huduma baada ya mauzo. Alizijua kasoro za magari hayo kwa kuwa zilipita mikononi mwa mafundi wake.

Mwishoni mwa mwaka 1998 tawi la Marekani, likiongozwa na Finbarr O'Neill, lilitangaza waranti mpya kwa magari ya mwaka 1999. Kiwanda kiliahidi kutengeneza bila malipo injini, giaboksi na difu kwa miaka 10 au maili 100,000, sawa na kilomita 160,000. Sehemu nyingine za gari zilipewa miaka 5 au maili 60,000. Washindani wengi wakati huo walitoa miaka 3 au maili 36,000 kwa gari zima.

Wapo waliosema kuwa kampuni imejitafutia kifo. Gari lenye sifa ya kuharibika linapewa waranti mara tatu ya wenzake, na kila gari bovu litarudi kwa mwenyewe.

Hoja hiyo ilikuwa na ukweli, na hapo ndipo ulipokuwa uzito wa uamuzi wenyewe. Tangazo la kawaida humgharimu muuzaji fedha ya tangazo tu, hata kama anasema uongo. Waranti ya miaka 10 humgharimu kidogo kama gari ni zima, na humfilisi kama ni bovu. Mnunuzi hakulazimika kuyaamini maneno ya kampuni. Ilitosha kuona kuwa kampuni imeweka fedha zake mahali pa maneno yake.

Hata hivyo ahadi hiyo ilikuwa na mipaka ambayo wateja wengi hawakuisoma. Waranti ya miaka 10 ilikuwa ya mnunuzi wa kwanza peke yake. Gari likiuzwa, mnunuzi wa pili alibakiwa na ile ya miaka 5 tangu gari lilipotoka dukani. Breki, klachi, matairi na vitu vinavyokwisha kwa matumizi havikuwemo. Mwenye gari alitakiwa pia kubadilisha oili kwa wakati na kutunza risiti, vinginevyo angeweza kukataliwa.

Masharti hayo yalipunguza mzigo wa kampuni bila kuvunja ahadi. Madereva wengi wa Marekani huuza gari kabla ya miaka 10, na kila gari lilipouzwa sehemu ya deni ilifutika.

Sambamba na hayo, kiwandani mambo yalibadilika. Chung Mong-koo alikuza kitengo cha ukaguzi wa ubora hadi kufikia watu wapatao 1,000 na kukiweka chini ya uangalizi wake mwenyewe. Toleo jipya liliweza kucheleweshwa mpaka kasoro ziondolewe. Kabla ya hapo wakuu wa uzalishaji walihesabiwa kwa idadi ya magari waliyotoa. Sasa kila kasoro ilikuwa na bei yake, na bei hiyo ilionekana katika hesabu.

Matokeo yalionekana haraka. Mauzo ya Marekani yalifikia magari 244,391 mwaka 2000 na 346,235 mwaka 2001. Katika utafiti wa kampuni ya J.D. Power unaowauliza wanunuzi kuhusu matatizo ya miezi mitatu ya mwanzo, Hyundai ilikuwa na matatizo 272 kwa kila magari 100 mwaka 1998. Mwaka 2004 yalikuwa 102, na kampuni ikawa jirani wa Toyota na Honda katika orodha hiyo. Mwaka 2005 ilifungua kiwanda Montgomery, Alabama.

Mwaka 2009, Wamarekani wakiogopa kupoteza kazi, Hyundai iliweka dau jingine la aina hiyo hiyo. Mnunuzi aliyepoteza kipato ndani ya mwaka mmoja aliruhusiwa kurudisha gari. Soko zima la magari la Marekani lilishuka kwa karibu asilimia 21 mwaka huo, lakini mauzo ya Hyundai yalipanda kwa asilimia 8 hadi kufikia 435,064. Waliorudisha magari walikuwa mia chache tu.

Deni linaandikwa wapi

Mwekezaji anayesoma hesabu za kampuni ya magari ni vyema aelewe jinsi waranti inavyoandikwa. Kampuni ikiuza gari leo, kanuni za uhasibu zinaitaka ikadirie fedha itakayotumia kulitengeneza gari hilo katika miaka ya waranti, na kuiandika kama gharama mwaka huo huo. Fedha hiyo hutengwa kwenye vitabu kama deni, kisha hupunguzwa kadiri matengenezo yanavyofanyika.

Kama makadirio ni sahihi, wanahisa hawapati mshtuko. Kama yalikuwa madogo kupita kiasi, faida ya miaka iliyopita ilikuwa imepambwa, na siku ukweli utakapojulikana itabidi irekebishwe kwa mpigo mmoja. Hyundai ilipitia mpigo wa aina hiyo.

Injini zilizonoki

Kuanzia magari ya mwaka 2011, Hyundai na Kia zilitumia kwa wingi injini ya Theta II yenye mfumo mpya wa kuingiza petroli, katika magari kama Sonata na Optima. Baada ya miaka michache wenye magari hayo walianza kusikia injini zikinoki. Baadhi zilizima ghafla barabarani kwa mwendo wa kasi, na nyingine ziliwaka moto.

Mwezi Septemba 2015 Hyundai iliita magari 470,000 ya Sonata ya miaka 2011 na 2012 yarudishwe kukaguliwa. Ilielezwa kuwa chembe za chuma zilizobaki ndani ya klenki wakati wa kuichonga kiwandani zingeweza kuziba njia ya oili. Beringi za konrodi zikikosa oili huliwa, na mwishowe injini hukamata.

Mwaka 2017 magari mengine yapatayo milioni 1.2 ya Hyundai na Kia yaliitwa. Wakati huo tayari mhandisi wa Hyundai, Kim Gwang-ho, alikuwa amewapelekea wakaguzi wa Marekani nyaraka za ndani akidai kuwa kampuni iliyajua matatizo hayo na haikuyashughulikia inavyotakiwa. Alifukuzwa kazi. Mwaka 2021 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilimpa zawadi ya zaidi ya dola milioni 24.

Mwezi Novemba 2020 Hyundai na Kia zilikubaliana na mamlaka hiyo kuhusu adhabu zenye jumla ya dola milioni 210, kwa kuchelewa kuita magari. Sehemu ya fedha hizo iliahirishwa na nyingine ikatakiwa itumike kuboresha usalama. Kabla ya hapo, mwaka 2019, kampuni hizo zilikuwa zimekubali kutoa waranti ya maisha kwa sehemu kuu ya injini hizo katika magari yapatayo milioni 4 nchini Marekani.

Adhabu ya Serikali ilikuwa ndogo ikilinganishwa na iliyokuwa kwenye vitabu. Katika robo ya tatu ya mwaka 2020 Hyundai na Kia zilitenga jumla ya won trilioni 3.4 hivi, karibu dola bilioni 3, kwa ajili ya injini. Hyundai peke yake, ambayo bila fungu hilo ingetangaza faida, ilionyesha hasara ya uendeshaji ya won bilioni 313.8. Ulikuwa mwezi ule ule wa Oktoba ambao Chung Euisun, mjukuu wa mwanzilishi, alishika uenyekiti.

Kwa wenye magari, waranti ndefu iliwasaidia waliokuwa na risiti za oili na waliokuwa wanunuzi wa kwanza. Wengine walisubiri injini mpya kwa wiki nyingi. Waliokuwa na magari ya mkono wa pili walilazimika kupigania haki zao mahakamani kwa pamoja, na makubaliano yaliyofikiwa ndiyo yaliyowapa baadhi yao waranti ambayo wasingeipata kwa masharti ya awali.

Kifaa kidogo, hasara kubwa

Tukio la pili lilitokana na kubana matumizi. Kifaa cha kielektroniki kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo wake halisi ni cha lazima katika magari mapya ya Kanada tangu mwaka 2007. Sheria ya Marekani haikukilazimisha, na matoleo ya bei ya chini ya Hyundai na Kia yaliyouzwa huko hayakuwekewa. Miongoni mwa magari ya mwaka 2015, asilimia 26 tu ya Hyundai na Kia yalikuwa nacho, wakati magari ya kampuni nyingine yalifikia asilimia 96.

Kuanzia mwaka 2021 vijana walionyeshana katika video jinsi ya kuyawasha magari hayo bila ufunguo. Wizi ukaenea miji mingi. Baadhi ya kampuni za bima zilikataa kuyakatia bima matoleo hayo, na mwaka 2023 Hyundai na Kia zilitangaza programu mpya ya kompyuta bila malipo kwa magari milioni 8.3, kisha zikakubali kulipa wenye magari fidia ya jumla ya dola milioni 200 hivi.

Mnunuzi wa toleo la bei ya chini alikuwa ameokoa fedha kidogo siku ya kununua. Alipokosa bima, au alipolikuta gari lake limevunjwa kioo na kuchomolewa kava la usukani, nafuu hiyo ilikuwa imekwisha.

Somo kwa mwenye fedha zake

Pamoja na mikosi hiyo, kundi la Hyundai, Kia ikiwemo, lilishika nafasi ya tatu duniani kwa idadi ya magari yaliyouzwa mwaka 2022, nyuma ya Toyota na Volkswagen. Kampuni iliyolinganishwa na Yugo ikapona, wakati Yugo lenyewe halikurudi. Tofauti yao haikuwa ubora wa gari la kwanza. Hyundai ilikuwa na mtaji wa kulipia makosa yake, na ilikubali kuyalipia hadharani.

Ukubwa huo haumaanishi kuwa kila hisa yenye jina lake ni faida ya haraka. Mwezi Oktoba 2024 Hyundai iliuza asilimia 17.5 ya tawi lake la India kwa umma, kwa rupia 1,960 kila hisa. Yalikuwa mauzo makubwa kuliko yote ya aina hiyo yaliyokuwa yamefanyika India hadi siku hiyo, zaidi ya dola bilioni 3. Fedha zote zilikwenda kwa kampuni mama ya Korea, kwa kuwa hisa zilizouzwa zilikuwa zake. Wawekezaji wadogo hawakulimaliza fungu walilotengewa, na siku ya kwanza sokoni hisa ilifunga zaidi ya asilimia 7 chini ya bei ya kuuzwa. Jina zuri halikutosha kuziba pengo la bei waliyoiona kuwa kubwa.

Kwa mfanyabiashara wa magari, jambo la kwanza la kuuliza kuhusu chapa ya bei chee ni bei ya gari lake la miaka minne, kabla ya bei ya jipya. Bei hiyo ya mtumba hukusanya maoni ya mafundi, madalali na wenye magari, na ni vigumu kuipamba. La pili ni kama vipuri vitapatikana hata muuzaji akiondoka, kwa sababu Yugo liliuawa na hilo kama lilivyouawa na mkanda wa taimingi. La tatu ni waranti inamfuata nani gari likibadilisha mikono, na inataka risiti zipi.

Kwa mwekezaji, sehemu ya kusoma ni fungu la waranti katika hesabu za mwaka, likilinganishwa na idadi ya magari yaliyouzwa. Mauzo yakipanda huku fungu hilo halisogei, ama kiwanda kimekuwa hodari kweli, ama kuna gharama inayosubiri mwaka mwingine. Taarifa za kuitwa kwa magari, ambazo mamlaka za usalama huzitoa kwa umma, mara nyingi huonekana mapema kuliko hasara yenyewe. Magari ya Sonata yaliitwa mwaka 2015, na hasara kubwa ikaandikwa mwaka 2020. Mwenye hisa aliyefuatilia alikuwa na miaka mitano ya kufanya uamuzi.